Kuchelewa Njiani na Siku ya Kwanza Guangzhou

Kati ya Nairobi na Guangzhou, China, kuna zaidi ya kilomita 8,500, na wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hawazimalizi kwa ndege moja. Hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, wakibadili ndege usiku wa manane, na ni katika kubadili huko ndiko safari nyingi zinakoharibikia. Ndege ya kwanza ikichelewa saa mbili, ya pili huondoka bila kumsubiri mtu. Na njia hiyo ikiwa na ndege moja tu kwa siku, saa mbili zimegeuka kuwa ishirini na nne. Anayefika Guangzhou baada ya hapo hufika usiku badala ya alasiri, hajalala, pengine hana begi, na simu yake haifungui WhatsApp. Jiji analolikuta saa hiyo ndilo atakalolisimulia nyumbani kwa miaka. Maneno mengi yanayosemwa kuhusu Guangzhou, ya sifa na ya lawama, kwa kweli ni maneno kuhusu safari ya kufika huko. Ndiyo sababu kuchelewa njiani na siku ya kwanza mjini ni vizuri vipangwe pamoja, tangu tiketi inaponunuliwa.

Ndege huchelewa kwa sababu chache zinazojirudia. Kubwa kuliko zote ni ndege yenyewe kuchelewa ilikotoka: ileile inayosubiriwa Dar es Salaam jioni ilikuwa mji mwingine asubuhi, na kila dakika iliyopotea huko hurithiwa na kituo kinachofuata. Kwa hiyo safari za jioni huchelewa kuliko za alfajiri, na mwenye nafasi ya kuchagua heri achague ya mapema, hata kama itamkata usingizi. Sababu ya pili ni wafanyakazi. Marubani wana kikomo cha saa za kazi kilichowekwa kisheria. Kikipita, ndege nzima hukaa chini mpaka wapatikane wengine, hata kama mitambo ni mizima na anga ni shwari. Ya tatu ni hali ya hewa ya kule kunakoendwa. Guangzhou iko karibu na Bahari ya China Kusini, na msimu wa vimbunga huko ni hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Kimbunga Mangkhut cha Septemba 2018 kilifuta mamia ya safari katika ukanda huo. Hata pasipo kimbunga, mvua za radi za kiangazi zinatosha kuleta foleni, kwa kuwa sehemu kubwa ya anga ya China iko chini ya jeshi na njia zilizoachiwa ndege za abiria ni finyu. Abiria huketi ndani ya ndege iliyokwisha funga milango, dirishani jua linawaka, na rubani anatangaza kwamba hawajapewa ruhusa ya kuruka. Hilo la anga finyu ndilo linaloelezwa kidogo kuliko yote, na ndilo linalowaudhi watu zaidi.

Wapo pia wanaoachwa na ndege iliyoondoka kwa wakati wake. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kwa saa za mahali husika. Ndege ya 00:40 tarehe 14 ni ya saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo msafiri anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 13. Kila mwaka wapo wanaofunga mizigo yao mchana wa tarehe 14, wafike uwanjani jioni na kuambiwa kwamba ndege yao ilikwisha tua China zamani. Addis Ababa huongeza mtego wake: Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kama ilivyo kwa Waswahili, lakini mbao za uwanja wa Bole na pasi za kupandia ndege hufuata saa za kimataifa. Mtanzania anayemuuliza mfagizi wa uwanjani na Mtanzania anayesoma ubao wanaweza kupata majibu yanayopishana kwa saa sita, na yote mawili yakawa sahihi. Cha kufuata ni ubao.

Uamuzi wenye uzito kuliko wote hufanyika kwa wakala wa tiketi, wiki kadhaa kabla. Tiketi ya safari nzima inaweza kuwa moja, yenye namba moja ya buking kuanzia mwanzo hadi mwisho, au zikawa mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa kuwa jumla yake ilionekana nafuu. Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na kumfanya abiria akose ya pili, shirika linabeba jukumu la kumfikisha alikoandikiwa, na begi lake huhamishwa bila yeye kuligusa. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili humhesabu kuwa ni abiria ambaye hakutokea. Nafasi yake hupotea, mara nyingi na ya kurudi hufutwa, na ananunua upya kwa bei ya siku hiyo. Tena huenda akalazimika kupita uhamiaji katika nchi ya katikati ili achukue begi na kulikabidhi upya, jambo ambalo pengine linahitaji viza ambayo hana. Dola 100 zilizookolewa kwa kugawa tiketi ni akiba ya kudanganya, na wakala anayeisifia bila kueleza hatari yake hastahili kurudiwa.

Hata kwenye tiketi moja, muda wa kuunganisha unahitaji kuangaliwa. Mfumo wa mauzo hukubali muda mfupi kabisa unaowezekana kwenye uwanja huo, pengine dakika 60 au 90, kwa dhana kwamba kila kitu kitakwenda sawa. Kwa anayeelekea Guangzhou saa tatu au nne zinastahili kuchoshwa nazo. Muda mrefu zaidi nao una faida yake: baadhi ya mashirika, likiwemo la Ethiopia, hutoa hoteli kwa abiria wanaolazimika kukaa muda mrefu wakisubiri ndege inayofuata, kwa masharti ya aina ya tiketi na saa za kusubiri. Hilo ni la kuuliza kabla ya kulipa. Anayeliuliza saa saba usiku kwenye kaunta yenye foleni ya watu mia mbili amechelewa.

Kuchelewa kukishatangazwa, nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Viti vya ndege inayofuata ni vichache na hugawiwa kwa anayejitokeza mapema. Busara ni kuingia kwenye foleni na papo hapo kupiga simu kwa shirika au kwa wakala aliyeuza tiketi, maana yeyote kati yao anaweza kubadili nafasi kwenye mfumo uleule. Ukali haumsaidii abiria, na kukaa kimya kitini kwa kutegemea kwamba wataita majina hakumsaidii hata kidogo. Kinachosaidia ni maswali mafupi yenye kujibika: je, nafasi kwenye ndege ya kesho imekwisha thibitishwa au ni ahadi? Chakula na malazi vinatolewa wapi? Begi liko wapi na litapanda ndege gani? Kabla ya kuondoka kaunta, msafiri achukue maandishi ya shirika yanayotaja saa za kuchelewa na sababu. Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayodaiwa na kampuni ya bima, na ndiyo itakayoeleweka kwa mwenyeji aliyepanga kukutana naye kiwandani.

Kuhusu haki za fidia, maneno ya mitaani yamevuka ukweli. Wengi wamesikia habari za euro 600 na huamini kwamba kila ndege iliyochelewa hulipa. Kanuni hiyo ni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, na inahusu safari zinazoanzia katika nchi za Umoja huo, au zinazoelekea huko kwa ndege za mashirika ya huko. Anayepitia Addis Ababa au Doha kwenda China hayumo. Kinachomhusu ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya, Tanzania, Ethiopia na China zote zimejiunga nao. Chini ya mkataba huo shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya kila lililowezekana kuizuia. Kikomo chake hutajwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachoitwa SDR, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni SDR 6,303 kwa abiria kwa kuchelewa na SDR 1,519 kwa mzigo. Cha kwanza kinazidi dola 8,000. Hicho lakini ni dari tu. Hulipwa hasara iliyothibitishwa kwa risiti: hoteli, teksi, nguo za kubadilisha, tiketi mpya. Uchungu na usumbufu havina risiti. Malalamiko kuhusu begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7, kuhusu begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu kupokelewa, na kesi mahakamani hufunguliwa kabla ya miaka miwili kupita.

Kwa sababu begi linaweza kupotea njiani kwa siku mbili tatu, begi la mkononi hufungwa kana kwamba ndilo pekee litakalofika. Linabeba dawa zote za safari zikiwa na maandishi ya daktari, shati na nguo za ndani za siku moja, chaja, kalamu, nakala za karatasi zote, na sampuli ambayo bila hiyo safari haina maana: kitambaa, spea au picha za bidhaa inayotafutwa. Pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege hata kidogo. Hukaa mkononi, na kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali ni wati-saa 100. Ya miliampia-saa 20,000 haifiki hapo. Wakaguzi wa viwanja vya China husoma maandishi yaliyoko juu yake, na yakiwa yamefutika wanaichukua bila mjadala.

Mwili nao una ratiba yake. Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano: Mombasa ikiwa saa tatu asubuhi, huko ni saa nane mchana. Ndege inayotoka Addis Ababa karibu na saa sita usiku huruka takriban saa kumi na kutua katikati ya alasiri ya Guangzhou, wakati mwili wa abiria unaamini kwamba ni asubuhi baada ya usiku wa kukesha. Kwenda mashariki ndiko kugumu, kwa sababu mtu anatakiwa alale kabla usingizi haujamjia. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, kwa hiyo siku tatu za mwanzo usingizi utachelewa kuja usiku na kichwa kitakuwa kizito asubuhi. Saa zigeuzwe za Guangzhou mara tu ndege inapopaa, na usingizi wa ndani ya ndege upewe nafasi kuliko filamu. Mjini, jua la asubuhi linafanya kazi kuliko kahawa. Mwenye kukaa mtaa wa Xiaobei anaweza kutembea hadi bustani ya Yuexiu, yenye sanamu ya mbuzi watano ambayo ni alama ya jiji, na kukaa nje saa nzima kabla ya kwenda sokoni. Kulala alasiri yote ya siku ya kwanza ni raha inayolipiwa usiku, macho makavu juu ya dari ya hoteli.

Mambo ya simu na fedha yanamalizwa nyumbani, maana Guangzhou ni pagumu kuyaanza. Huduma za Google, WhatsApp, Facebook na Instagram zimezuiwa kwenye mitandao ya China, ukiwemo wa hoteli na wa uwanja wa ndege. Laini ya nyumbani iliyowashiwa romingi kwa kawaida huzipata, ila bando lake ni ghali. Familia zielezwe mapema. Kimya cha siku moja cha mtu aliyechelewa Addis kisha akaingia China bila WhatsApp kimewakesheza wazazi wengi pasipo sababu. Kwa mawasiliano ya huko hutumika WeChat, na kufungua akaunti yake mara nyingine hudai kuthibitishwa na mtu mwingine mwenye akaunti, jambo jepesi mtu akiwa Kariakoo au Eastleigh kuliko akiwa peke yake Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Malipo karibu yote mjini, hadi ya muuza matunda, hufanywa kwa kuskani msimbo wa WeChat au Alipay. Tangu 2023 programu hizo mbili hupokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato yao, yanayozidi hukatwa asilimia 3. Kadi huunganishwa nyumbani, kwa kuwa benki hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini ile ambayo ugenini huenda isishike mtandao. Pesa taslimu bado ni halali, na yuani mia kadhaa za noti ndogo mfukoni zitamwokoa mtu simu ikizima, ingawa mwenye kibanda anaweza kukosa chenji.

Viza ya China ina tarehe ya mwisho ya kuingia, ambayo ni tofauti na idadi ya siku za kukaa. Anayepanga kuondoka siku mbili kabla ya tarehe hiyo anaicheza kamari safari nzima kwa kuchelewa kumoja. Mezani kwa uhamiaji huchukuliwa alama za vidole, na kadi ya kuwasili inadai anwani ya mahali pa kulala. Kadi ya manjano ya chanjo iwe karibu. Anwani ya hoteli iwe kwa maandishi ya Kichina, ikiwa imechapishwa na pia kupigwa picha kwenye simu. Dereva wa teksi hasomi herufi za Kilatini, na jina la hoteli likitamkwa kwa lafudhi ya Pwani halimpeleki mtu popote. Tena si kila hoteli ndogo imezoea kupokea wageni wa nje, ingawa serikali ya China imekwisha kuzikataza kuwafukuza kwa kisingizio hicho. Usiku wa kwanza si usiku wa kujaribu bahati: hoteli ithibitishwe kwa ujumbe, na iarifiwe kwamba mgeni anaweza kuchelewa kufika, isije ikauza chumba chake saa nne usiku.

Uwanja wa Baiyun uko umbali wa karibu kilomita 30 kaskazini ya katikati ya jiji, na njia ya metro namba 3 inafika mpaka ndani yake. Anayekwenda Xiaobei hubadilisha Jiahewanggang aingie njia namba 2, kisha kwenye stesheni kuu ya treni achukue namba 5. Ni zaidi ya saa moja kwa yuani zisizofika 10. Mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kila mtu anapoingia stesheni, na hilo ni la watu wote, si la mgeni aliyetiliwa shaka. Treni hulala karibu na saa tano usiku, na hapo ndipo kuchelewa kunapokuwa na bei: anayetua usiku wa manane analazimika kuchukua teksi kwa zaidi ya mara kumi ya nauli hiyo. Foleni rasmi ya teksi iko nje, yenye mlinzi, na mita huwashwa. Wanaomfuata abiria ndani ya ukumbi wakimwita rafiki ni wapiga debe kama wa stendi yoyote, na bei yao hupanda kulingana na uchovu ulioko usoni pake.

Kisha jiji lenyewe. Guangzhou ina wakazi zaidi ya milioni 18 kwa sensa ya 2020, zaidi ya mara tatu ya Dar es Salaam, na ukubwa huo ndio jambo la kwanza linalomlemea mgeni. La pili, kwa mtu wa Pwani, ni joto analolijua: kuanzia Aprili hadi Septemba hewa ni nzito na yenye unyevu kama ya Tanga mwezi wa Februari. Januari hali hugeuka, baridi ya nyuzi 10 huingia ndani ya nyumba nyingi zisizo na vipasha joto, na koti linahitajika. Pikipiki za umeme hupita hata kwenye njia za miguu bila mlio wowote, zikitokea nyuma. Hizo zimewagusa wageni wengi kabla ya kitu kingine chochote cha China kuwagusa, na mwenye busara hutembea kwa mstari ulionyooka na kugeuka kwanza kabla ya kubadili upande.

Yanayoumiza zaidi ni yale yanayoonekana kama dharau. Mswahili huingia dukani na salamu, akauliza hali, ndipo aguse bidhaa. Muuzaji wa soko la jumla karibu na stesheni kuu ya treni huuliza jambo moja tu, vipande vingapi, huku akisukuma kikokotoo mbele ya mteja. Anamuuliza hivyohivyo Mchina mwenzake. Idadi ndiyo inayomwambia kama aliye mbele yake ni mnunuzi au mpita njia, na anayesema vipande vitatu huachwa asimame hapo hata angekuwa mwenyeji wa kizazi cha tano. Sauti za juu mgahawani si ugomvi. Kikantoni husikika hivyo. Chai ya kwanza inayoletwa mezani na bakuli tupu mara nyingi ni ya kusuuzia vyombo, na mgeni aliyeinywa hucheka baadaye. Macho ya watu kwenye treni, na simu inayoinuliwa kupiga picha, ni mambo ya kweli na yanachosha. Kwa kawaida ni udadisi wa watu wa mikoani kuliko uadui.

Hayo hayana maana kwamba kila hofu ni ndoto. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao, na mabalozi wa nchi za Afrika waliandika barua ya pamoja kulalamika. Tangu wakati huo, na hata kabla yake, jumuiya yao iliyoshamiri mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli katika miaka ya 2000 imepungua. Simulizi za mjomba aliyekwenda 2010, za maghorofa kama Tianxiu yaliyojaa Waafrika na Kiswahili kikisikika kila ngazi, zinaeleza mji mwingine. Bado ipo migahawa ya vyakula halali, wasusi, na mawakala wa mizigo wanaojibu kwa Kiswahili, lakini anayewategemea wote wawepo palepale atajiona ametupwa. Kwa Waislamu, msikiti wa Xianxian karibu na bustani ya Yuexiu hukusanya watu wa mataifa mengi kila Ijumaa. Mapokeo ya huko yanalihusisha kaburi lililomo na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa wanahistoria wengi hawalikubali. Sala ya Ijumaa hapo humpa mgeni habari za mjini za wiki hiyo kuliko mtandao wowote: nani anasafirisha kontena kwa uaminifu, hoteli ipi imebadilisha mwenyewe, polisi wanakagua wapi.

Polisi wenyewe si jambo la kuogopwa mtu akiwa na karatasi zake. Mgeni wa zaidi ya miaka 16 anatakiwa kutembea na pasipoti yake, si nakala. Hoteli humsajili polisi bila yeye kufanya lolote, lakini anayelala kwa ndugu au rafiki anapaswa kwenda kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 na kuondoka na karatasi ya usajili. Aliyechelewa safarini hulala saa kumi na tano mfululizo, akaamka na nusu ya muda huo imekwisha. Usajili utangulie usingizi.

Saa 24 za mwanzo zinafaa kwa mambo hayo tu: usajili, laini ya simu, kula, kutembea mtaa mmoja kwa miguu, kulala kwa saa za huko. Hazifai kwa fedha. Mtu aliyelala vibaya hukubali bei ya kwanza ili arudi hotelini, na hutoa kianzio kwa kiwanda ambacho hajakiona kwa kuwa dalali alikuwa mkarimu kwenye teksi. Siku ya pili ipite kwa kuuliza bei kwenye maduka mengi bila kununua, kadi za biashara zikikusanywa na bei kuandikwa nyuma yake. Siku ya tatu mtu hulijua soko kwa miguu yake, akili imetulia, na muuzaji aliyeonekana mkali juzi huanza kuonekana kama mtu mwenye kazi nyingi. Anayekuja kwa siku nne tu hana nafasi ya utaratibu huu, na ndege ikichelewa siku moja amebakiwa na tatu. Kwa biashara ya kontena la kwanza, siku nane hadi kumi ndizo zinazoingia akilini. Zisiangukie Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari, wala wiki ya tarehe 1 Oktoba, ambapo viwanda hufungwa na treni hufurika. Wakati wa maonyesho ya biashara ya jijini yaitwayo ya Canton, yaliyoanza 1957 na ambayo hufunguliwa katikati ya Aprili na ya Oktoba, bidhaa huonekana nyingi mahali pamoja, ila vyumba vya hoteli hupanda bei na vinahitaji kuwekwa miezi kadhaa kabla.

Kurudi nako kuna kuchelewa kwake. Siku za kukaa zilizoandikwa kwenye viza hazisogei kwa sababu ndege imefutwa, na faini ya kuzidisha ni yuani 500 kwa siku hadi kufikia 10,000, kukiwa na uwezekano wa kuwekwa kizuizini. Tiketi ya kurudi ikatwe ya siku ambayo viza itakuwa bado na siku tatu au nne. Kimbunga kikiikuta siku ya mwisho, msafiri huchukua barua ya shirika la ndege inayotaja kufutwa kwa safari na ndege mpya aliyopangiwa, na kwenda nayo kwenye ofisi ya polisi ya uingiaji na utokaji kabla siku zake hazijaisha, akiwa na pasipoti na karatasi ya usajili ya hoteli.